Ua Jina, Usiue Chupa

Hotuba ya afisa wa afya ya umma kwa wenye baa, wakusanyaji wa chupa, na vikundi vya akina mama wanaotengeneza mafuta ya nazi, asali na siki. Tunaichapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Nimeombwa niseme juu ya chupa. Najua humu ndani wamo wasiogusa kileo maisha yao yote, na wamo wanaosomesha watoto kwa kukiuza. Leo sikuja kumsifu yeyote kwa kunywa wala kumsuta kwa kuuza. Nimekuja kwa sababu chupa ya pombe kali ikishamalizwa kule baa, safari yake haijaisha. Inatoka mlango wa nyuma, inaingia guniani, inakwenda mahali. Kisha siku moja inarudi ikiwa imejazwa kitu. Swali langu kwenu ni moja: inarudi na nini?

Hapa mezani nimeweka chupa tatu. Ya kwanza ni chupa ya kawaida ya pombe kali, tupu, lebo yake nzima, kifuniko chake kizima. Ya pili ni hii nzito, yenye kitako kinene, mabega ya mraba, kizibo cha koki, na jina la kampuni limejitokeza kwenye kioo chenyewe. Ukiiona utadhani imetoka kabatini mwa babu. Ya tatu haina jina la kampuni yoyote. Imeoshwa, ndani yake mna mafuta ya nazi, na lebo yake ni ya kikundi cha akina mama. Nitazirudia zote tatu kabla ya kuketi.

Mtindo wa kale umerudi

Wengi mmeniuliza kwa nini siku hizi pombe kali zinakuja katika chupa za umbo la zamani. Zipo za mraba, zipo fupi zenye shingo nene, zipo za udongo wa kuchomwa, zipo zilizozibwa kwa lakiri nyekundu kama barua za wakubwa wa zamani, na zipo zenye kizibo cha waya kinachofungwa kwa kubonyezwa.

Maumbo hayo hayakuanza kama mapambo. Waholanzi walitia jini katika chupa za mraba kwa sababu chupa za mraba zinapangika sandukuni bila kuacha nafasi, na zisipotikisika hazivunjiki njiani. Baadaye, katika karne ya 19, familia ya Walker kule Scotland nayo ikachagua chupa ya mraba kwa wiski yake kwa hesabu hiyo hiyo: chupa nyingi zaidi katika sanduku moja, na chache zaidi zilizopasuka baharini.

Lakini hadithi ninayotaka muibebe leo ni ya Marekani. Zamani kule, wiski iliuzwa kwa pipa. Muuzaji alinunua pipa, akamchotea mteja. Kati ya pipa na mteja palikuwa na mikono mingi, na kila mkono uliweza kuongeza maji, rangi, au kitu kibaya kuliko hivyo. Mwaka 1870, mfanyabiashara wa mji wa Louisville, Kentucky, aitwaye George Garvin Brown, ambaye awali alikuwa akiuza dawa, alianza kuuza wiski yake ndani ya chupa za kioo zilizofungwa na kuzibwa kabisa. Alikuwa akimwambia mnunuzi kwamba kilichotoka kwake ndicho kitakachomfikia. Mwaka 1897 serikali ya Marekani ikapitisha sheria iliyoleta stempu ya serikali juu ya kizibo cha wiski iliyotiwa chupani chini ya usimamizi wake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, chupa iliyozibwa ililetwa iwe shahidi. Kazi yake ilikuwa kusema kweli juu ya kilichomo ndani. Kumbukeni hilo, maana nitakapofika kwenye hatari mtaona jinsi shahidi huyo anavyogeuzwa akasema uongo.

Leo watengenezaji wanarudia maumbo hayo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni biashara: chupa nzuri huuza. Ya pili ni kwamba wanataka isitupwe. Mteja akimaliza kinywaji abaki na chombo cha maji mezani, chombo cha maua, au cha mafuta jikoni. Sababu hiyo ya pili ni njema, na sisi watu wa afya na mazingira tunaiunga mkono.

Kioo hakiozi

Kioo kinatengenezwa kwa mchanga, mawe ya chokaa na magadi. Magadi hayo mnayajua. Nchi yetu inayachimba Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, na kuyasafirisha nje. Vitu hivyo huyeyushwa katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,500. Joto hilo linakula mafuta au gesi nyingi mno.

Sasa, chupa ikitupwa kichakani haiozi. Itakuwepo wewe usipokuwepo, na wajukuu zako watailima shambani. Mvua ikinyesha inajaa maji na mbu wanazaa humo. Ikivunjika, mtoto anayekwenda shule bila viatu ndiye anayeipata.

Habari njema ni kwamba kioo hakichoki. Kinaweza kuyeyushwa na kufanywa chupa tena na tena bila kupoteza ubora, na vipande vya kioo vikichanganywa na mchanga mpya, tanuri linahitaji moto mdogo zaidi. Lakini kuna njia iliyo bora kuliko kuyeyusha: kutumia chupa hiyo hiyo mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Kuosha kunahitaji maji na sabuni. Kuyeyusha kunahitaji tanuri.

Wala hili si jambo geni kwetu. Debe tunalopimia mahindi sokoni lilikuja hapa likiwa na mafuta ya taa. Mafuta yakaisha, debe likabaki, hata likawa kipimo. Kibuyu cha mnazi hakitupwi mnazi ukiisha. Kasiki la maji lilirithiwa na binti kutoka kwa mama. Mrashi hujazwa marashi mapya kila arusi. Na ni nani hapa hajawahi kutumwa dukani na chupa tupu ya soda mkononi, akaambiwa bila chupa alipe na pesa ya chupa? Kreti ya soda na ya bia inatufundisha kwamba chombo kikiwa na bei, hakitupwi. Chupa za pombe kali hazikuingia katika mpango huo. Hazirudishwi kwa kreti. Ndiyo maana zinazagaa, na ndiyo maana zimepata wanunuzi ambao hatuwajui.

Shahidi akisema uongo

Miaka ya nyuma nilikwenda kukagua baa moja. Sitaitaja, na mwenyewe alikuja akajirekebisha. Nyuma ya jiko nilikuta chupa tupu za pombe kali zimepangwa vizuri kuliko zile zilizojaa kule mbele. Kila chupa na kifuniko chake. Nikauliza, “Hizi za nini?” Kijana wa pale akanijibu bila wasiwasi, “Hizi ni za mteja, afande. Zenye lebo iliyochanika hazitaki. Zile nzima analipa mara tatu.”

Hebu tufikiri pamoja. Mtu anayetaka chupa ya kuyeyusha hajali lebo. Mtu anayetaka chupa ya mafuta ya nazi ataing’oa lebo hiyo, kwa hiyo hawezi kuilipia zaidi. Basi ni nani anayelipa mara tatu kwa lebo nzima na kifuniko kizima? Ni yule ambaye anataka mnywaji wa kesho aamini kwamba chupa hiyo imetoka kiwandani.

Na ndani yake hutia nini? Mara nyingine ni pombe ya bei rahisi yenye rangi, na hapo mteja ameibiwa pesa tu. Mara nyingine ni spiriti ya viwandani yenye methano. Methano haina tofauti ya kuonekana na pombe ya kawaida. Rangi ni moja, na harufu na ladha zinakaribiana mno hata mzoefu hatambui. Mtu hunywa, hulewa kidogo, hulala. Hatari inakuja baadaye, mara nyingi saa 12 hadi 24 baada ya kunywa, ini linapokuwa limeigeuza methano kuwa asidi inayoua mshipa wa macho. Ataamka akisema anaona ukungu, au taa zimezimwa mchana. Tumbo linauma, anatapika, anahema kwa kasi. Vijiko vichache vinatosha kupofusha. Zaidi kidogo vinaua.

Taifa letu limezika watu kwa sababu hii. Novemba 2000, mitaa ya mabanda ya Nairobi ilipoteza zaidi ya watu 100 kwa pombe yenye methano. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa kwa muda wa siku chache. Februari 2024 ilikuwa zamu ya Kirinyaga, ambako zaidi ya watu kumi walikufa na wengine wakapoteza macho. Sisemi kwamba maafa hayo yote yalitoka katika chupa zilizojazwa upya. Ninasema kwamba sumu ikishakuwepo, chupa yenye lebo nzima ndiyo inayoifikisha mahali ambapo mtu mwangalifu hakutarajia kuikuta.

Naomba mshike hili hata mkisahau yote mengine. Mtu akilalamika macho baada ya kunywa, asiambiwe alale kilevi kiishe. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa aliyokunywea ibebwe pamoja naye. Matibabu yapo, na kila saa inayopita inahesabika.

Sasa irudieni chupa ya pili, hii nzuri ya mtindo wa kale. Uzuri wake ndio unaoiongezea hatari. Kizibo cha koki kinatoka na kurudi bila kuacha alama. Lakiri ya kutiwa kwa mkono inaweza kuigwa kwa mkono. Jina limo kwenye kioo, hata ukiiosha halitoki. Watengenezaji wanalijua hilo, na ndiyo maana chupa nyingi zina kidude shingoni kinachoruhusu kinywaji kutoka lakini hakiruhusu kuingizwa, au utepe unaochanika kifuniko kikifunguliwa mara ya kwanza. Ukinunua chupa ya kizibo cha koki, tazama utepe na stempu kwanza. Ukikuta vimechanika au vimegundishwa upya, irudishe.

Sheria inasema nini

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi serikali ya kaunti leseni za vileo, leseni za biashara na uondoaji wa taka. Kwa hiyo suala hili liko mikononi mwetu mara tatu.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, na inakataza pombe katika vipakiti na vyombo vidogo vya chini ya mililita 250. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 inamgusa anayetumia jina la mwenzake kwenye bidhaa isiyo ya mwenzake, na kumbukeni kwamba chupa yenye jina la kampuni kwenye kioo ni jina la mwenzako, hata kama umeiokota jalalani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inatutaka kila mmoja wetu atenganishe taka zake, na inawapa wanaotengeneza bidhaa wajibu juu ya vifungashio vyao baada ya kutumika.

Kuna njia mbili rahisi za kukagua chupa iliyojaa. Stempu ya ushuru unaweza kuisoma kwa simu kupitia programu ya Soma Label ya KRA. Alama ya ubora ya KEBS unaweza kuihakiki kwa kutuma herufi SM, kisha alama ya #, kisha nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo, kwenda 20023. Ujumbe utakuambia bidhaa ni ipi na ni ya nani. Ukiambiwa ni unga wa ngano na wewe umeshika chupa ya jini, hapo umejua.

Ua jina, usiue chupa

Wengine wanasema dawa ni moja tu: chupa zote zivunjwe. Kijana mmoja wa kikundi cha kukusanya chupa aliniambia neno ambalo limenikaa. Alisema, “Afande, mkituambia tuvunje, mtatulipa nini? Chupa nzima inanunuliwa. Vipande ni vya kilo, na kilo ya kioo haifikishi sahani ya chakula.” Ana haki ya kuuliza. Anaamka alfajiri, anafanya kazi ambayo sisi wengine tumeikwepa, na mtaa unakuwa safi kwa mgongo wake. Sitasimama hapa kumwambia aache riziki yake kwa sababu ya kosa la mtu mwingine.

Pendekezo langu ni hili: tuue jina, tusiue chupa. Anayeghushi anataka jina. Mama wa mafuta ya nazi anataka chupa. Tukivitenganisha viwili hivyo pale pale baa, mmoja anakosa na mwingine anapata.

Wenye baa, kazi inaanzia kwenu. Chupa ikiisha, lebo ichanwe au ikwanguliwe siku hiyo hiyo. Stempu iharibiwe. Kifuniko kipondwe au kikatwe, kitupwe mbali na chupa yake. Kazi hiyo haifiki dakika moja kwa chupa. Chupa zenye jina kwenye kioo ziwekwe gunia lake, zisiuzwe nzima kwa mtu yeyote. Zisiachwe nje ya mlango usiku. Na wekeni daftari: tarehe, chupa ngapi, zimechukuliwa na nani. Akija mtu usiyemjua anayelipa zaidi kwa zile zenye lebo, msimfukuze kimya kimya. Tupigieni, au mwambieni mzee wa mtaa.

Vijana wakusanyaji, msikubaliane na baa mmoja mmoja. Jisajilini kama kikundi, mfanye makubaliano na baa zenu kwamba chupa zao zote ni zenu kwa bei inayojulikana. Mkishakuwa na kikundi, mna mzigo wa kutosha kupanga bei. Gawanyeni magunia matatu: nyeupe, kijani, kahawia, kwa kuwa kioo kilichochanganywa rangi hupungua thamani kwa anayeyeyusha. Zile zenye jina kwenye kioo zivunjwe ndani ya gunia au pipa lililofunikwa, kamwe si barazani, mkiwa mmevaa glavu nene, viatu vilivyofunika vidole, na kitu cha kukinga macho. Na zile zisizo na jina zikisafishwa, msiziuze kama taka. Uzeni kama vyombo. Chupa iliyong’olewa lebo, ikaoshwa, ikapangwa kwa ukubwa, haistahili bei ya chupa yenye tope. Hapo ndipo nafuu yenu ilipo, nanyi hamtahitaji yule wa mara tatu.

Akina mama wa vikundi, sasa ni zamu yenu, nanyi mna mambo ya kuangalia.

Kwanza, chagueni chupa. Chukueni ya kioo kinachoonyesha ndani. Ya udongo au ya rangi nzito isiyopenya macho ni nzuri kwa maua, lakini kwa chakula huwezi kujua kama imetakata. Piteni kidole mdomoni mwa chupa. Ikiwa imepasuka au ina pengo, iende kwenye vipande. Inuseni. Yenye harufu ya mafuta ya taa, dawa ya kunyunyizia mimea au rangi, msijaribu kuiosha. Ikataeni.

Pili, osheni hivi. Loweka katika maji ya vuguvugu yenye magadi au sabuni mpaka gundi ya lebo ilainike. Sugua ndani kwa brashi ya chupa mpaka kitako. Suuza kwa maji safi mara mbili. Kisha tandika kitambaa chini ya sufuria, panga chupa, jaza maji baridi yazifunike, ndipo uwashe moto. Zikichemka ziache dakika 10. Usitumbukize chupa baridi katika maji yanayochemka, maana kioo kinachopata joto ghafla hupasuka. Zitoe zikipoa kidogo, zisimamishe kichwa chini kwenye kitambaa safi mpaka zikauke kabisa. Mafuta ya nazi yakikuta maji ndani ya chupa yataharibika.

Tatu, kifuniko kiwe kipya. Kile cha zamani mmeshakipoteza, na ndivyo tunavyotaka. Koki iliyotumika msiitumie kwa chakula, kwa sababu inanyonya na haioshiki ikatakata.

Nne, jueni kitu gani kinafaa. Siki ya mnazi inakaa vizuri katika chupa ya shingo nyembamba. Mafuta ya nazi pia, ila kumbukeni huganda hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mteja wa bara atalalamika hayatoki. Mwandikieni kwenye lebo aiweke chupa kwenye maji ya vuguvugu. Asali nzito na achari zinataka mdomo mpana.

Tano, na hili ni onyo: msitie mnazi, togwa wala kinywaji chochote kinachoendelea kuchacha ndani ya chupa ya pombe kali mkaiziba. Chupa ya bia na ya soda imetengenezwa kuhimili hewa inayosukuma kutoka ndani. Chupa ya pombe kali haikutengenezwa hivyo, na ile ya mraba ndiyo dhaifu zaidi, kwa kuwa nguvu hujikusanya kwenye pembe. Mnazi hauachi kuchemka kwa kuwa umeuziba. Itapasuka, na vipande vyake ni kama visu.

Sita, lebo yenu iwe na jina la bidhaa, kipimo, jina la kikundi na mahali, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho ya kutumika. Kabla ya kuuza, njooni afisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yenu tuwaongoze juu ya leseni, na juu ya kupata alama ya KEBS. Msiogope kuja. Ni afadhali mje mkiwa na maswali kuliko sisi tuje tukiwa na kufuli.

Na kwa kila nyumba, hata ya asiyekunywa: chupa ya kinywaji isitiwe mafuta ya taa, dawa ya mimea wala asidi ya betri. Hospitali zetu zinaletewa watoto waliokunywa kilichokuwa kwenye chupa waliyoizoea. Mtoto hasomi. Mtoto anajua chupa.

Kwa kumalizia

Nilisema nitazirudia chupa zangu tatu.

Hii ya kwanza, yenye lebo nzima, mniangalie. Nachana lebo. Naharibu stempu. Kifuniko nimekikanyaga. Sasa imekuwa chupa tu. Yule wa mara tatu hana haja nayo.

Hii ya pili, ya mtindo wa kale, ni nzuri kweli. Ukiinunua mwenyewe, ikabaki kwako, itilie maji, iweke mezani, wageni waisifu. Ila isitoke nyumbani kwako ikiwa nzima. Ukiichoka, iende kwenye vipande. Na nikipata nafasi ya kukaa na watengenezaji, nitawaomba jambo dogo: watupe chupa nzuri, lakini jina walibandike kwa karatasi inayotoka kwa maji, wasilichome kwenye kioo. Hapo uzuri utabaki na uongo utapungua.

Hii ya tatu nimeinunua kwa pesa yangu kwa akina mama waliokaa pale nyuma. Ilikuwa na jini, sasa ina mafuta ya nazi. Imeandikwa jina la waliotengeneza, na wenyewe wapo hapa. Ukiwa na lalamiko unajua wa kumwuliza. Hiyo ndiyo kazi aliyokusudia yule mtu wa Louisville mwaka 1870. Chupa inasema kweli.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu uko pale mlango wa nyuma wa baa, mahali gunia linapofungwa. Wenye baa, naomba kesho asubuhi, kabla hamjafungua, mwende mkaangalie kule nyuma. Mkikuta chupa zimepangwa vizuri na vifuniko vyake, ulizeni ni za nani.

 Nipo hapa kwa maswali, na mlango wa afisi uko wazi siku zote za kazi.